Mti wa tatu, safu ya tatu

Jumapili nilimpigia Baba simu Lushoto. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha kabla hajauliza wajukuu akauliza matawi. "Yametoa maua?" Nikamjibu, Baba, yametoa, meupe kabisa, na nyuki wamejaa. Akanyamaza kidogo, halafu nikasikia anamwita Mama aliyekuwa jikoni aje naye asikie. Mzee wangu hajawahi kuuona mcheri, lakini kila Aprili kwa miaka mitatu ameniuliza swali hilo hilo, kwa sababu mkono uliobebesha matawi yale, yaani kuyaunganisha na mti mwingine yaote humo, aliufundisha yeye.

Mimi nimezaliwa upande wa Soni. Baba alikuwa na shamba la plamsi na peasi kwenye mteremko, na mapema sana nilijua kwamba Desemba ni mwezi wa ndoo za plamsi kushuka Mombo kuuzwa barabarani. Alibebesha miche mwenyewe kwa kisu alichonoa juu ya jiwe, akafunga kwa vipande vya nailoni. Alikuwa akinishikisha kijiti na kuniambia niangalie ule utando wa kijani chini ya gome. Kijani kiguse kijani, mwanangu. Kisipogusana, umefunga kuni.

Sasa naishi The Dalles, mji mdogo kando ya mto Columbia katika jimbo la Oregon, Marekani, kama saa moja na nusu kwa gari kutoka Portland. Tulishinda bahati nasibu ya viza, mume wangu akapata kazi ya kuendesha malori, na mimi baada ya kusafisha hoteli kwa miaka miwili nikapanda vilimani kuvuna cheri. Sikurudi tena hotelini. Milima ya huku kiangazi ni mikavu, majani rangi ya simba, na katikati ya ukavu huo unakuta mashamba ya kijani yaliyopangwa kama mistari ya daftari. Ni micheri, na kwa muda mrefu iliyo mingi imekuwa Bing.

Kwa ambaye hajawahi kuila: cheri ya Bing ni kubwa, umbo la moyo, na ikiiva barabara huwa na rangi ya zambarau iliyokolea, karibu na weusi. Ukiing'ata inakatika, haibonyei. Ugumu huo ndio ulioipa soko, maana tunda laini halifiki mbali, na Bing ilistahimili treni, baadaye malori, siku hizi hata ndege. Utamu wake una ukali kidogo nyuma. Nimeonja aina nyingi tangu nifike huku, na bado kwa ladha sijaona ya kuishinda.

Lakini ni mti wenye masharti. Mvua ikinyesha wiki ya mwisho kabla ya kuvuna, tunda linafyonza maji kupitia ngozi yake na kupasuka. Ndiyo maana utasikia helikopta zinaruka chini chini juu ya mashamba mara mvua ikikatika, zinapuliza maji yadondoke matundani. Siku ya kwanza nilidhani kuna mtu anatafutwa na polisi. Kuvuna nako kuna adabu yake: unashika kikonyo, si tunda, unazungusha na kuinua. Ukivuta kwa pupa unang'oa na kile kitawi kifupi kinachobeba vikonyo, na hicho ndicho kitakachozaa mwaka ujao na miaka mingine baada ya huo. Mvunaji mwenye haraka anakula cheri za mwaka huu na za mwakani kwa siku moja. Na kikonyo lazima kibaki kwenye tunda, la sivyo linavuja na kuoza sandukuni.

Sharti kubwa kuliko yote ni kwamba mcheri wa Bing hauzai peke yake. Panda Bing elfu moja mahali pasipo na mcheri wa aina nyingine, utapata maua elfu kwa elfu na kapu tupu. Hilo ndilo lililotupata sisi.

Mwaka 2019 tajiri yangu, mzee ambaye babu yake ndiye aliyepanda shamba lile, alinikabidhi kipande cha juu, ekari nne hivi. Kilikuwa kimekodishwa kwa mtu mwingine kwa miaka mingi na kilikuwa kimerudi mikononi mwake. Aprili miti ikafunikwa na maua hadi huoni tawi. Nikapiga picha, nikawatumia watu wa nyumbani, wakasema mbona kama theluji. Juni tulipopanda ngazi, mti uliotakiwa kutoa ndoo kumi ukatoa mbili. Kipande cha chini, hatua mia tatu tu kutoka pale, kilielemewa na matunda.

Tajiri akasema ni nyuki. Mwaka uliofuata akakodi mizinga zaidi. Nyuki walikuwepo, niliwaona kwa macho yangu, wanatoka ua hili wanaingia lile wakiwa na miguu ya njano. Juni ikawa vile vile.

Hapo ndipo nilipoanza kutembea safu kwa safu na daftari. Shamba la Bing la kizamani hupangwa hivi: kila mti wa tatu katika kila safu ya tatu unakuwa wa aina nyingine, mti wa chavua. Mmoja kati ya tisa. Hauwekwi kwa ajili ya matunda yake hasa, unawekwa ili maua yake yawape wenzake chavua. Kipande cha chini miti hiyo ni Van, aina iliyotoka kituo cha utafiti cha Summerland kule Kanada mwaka 1944. Kwenye kipande chetu cha juu, pale palipotakiwa kuwa na Van nilikuta miti michanga kidogo yenye cheri za njano zilizopakwa wekundu upande wa jua.

Kila mtu alijua ni Rainier. Nami nilikuwa nimeambiwa hivyo tangu mwanzo. Rainier ni ya njano na nyekundu, ni mtoto wa Bing na Van, ilizalishwa Prosser, jimbo la Washington, mwaka 1952, na inakubaliana na Bing vizuri tu. Kwa hiyo kwenye karatasi hatukuwa na shida yoyote.

Kilichonisumbua ni kwamba hata hiyo miti ya njano ilikuwa na matunda machache. Kama ni Rainier, imezungukwa na Bing pande zote nane, kwa nini isijae? Nikachuma nikala. Kisha nikashuka kwa jirani mwenye Rainier za kweli, nikaomba moja, nikala. Ile ya jirani ilikuwa nene, tamu kama asali. Yetu ilikuwa ndogo kuliko ile, imechongoka zaidi, na utamu wake mwepesi. Nikaziweka zote mbili mezani kwa tajiri, juu ya gazeti. Alizitazama muda mrefu, akaenda kufungua droo za jikoni, akarudi na stakabadhi ya kitalu iliyokunjwa mara nne. Imeandikwa Royal Ann.

Royal Ann ndiyo Napoleon, aina ya zamani iliyotoka Ulaya. Hapa Oregon ilipata umaarufu kwa zile cheri nyekundu sana zinazowekwa juu ya aiskrimu. Miaka ya 1920 profesa Ernest Wiegand wa chuo cha kilimo cha Oregon alipata njia ya kuziloweka katika maji yenye chumvi za kalsiamu zisilainike, na viwanda vikazitaka kwa wingi. Mpangaji wa zamani alipofiwa na miti yake ya Van kwa ugonjwa wa magome, akapanda Royal Ann mahali pake ili auze na cheri za kuloweka. Simlaumu. Alifikiri mti ni mti, ilimradi si Bing.

Sasa nieleze kosa lilipo, kwa sababu hili ndilo jambo lililonikosesha usingizi nilipolielewa. Kila mcheri mtamu una alama mbili za ukoo, nao wataalamu wamezipa namba. Kila chembe ya chavua inabeba moja kati ya hizo mbili. Chembe ikitua juu ya ua inaanza kuotesha mrija mwembamba kushuka ndani kutafuta yai. Kama namba yake ni sawa na mojawapo ya namba za ua lile, mrija unazuiwa njiani na kufa. Ni kama watu wa ukoo mmoja wasivyooana. Bing ni 3 na 4. Royal Ann ni 3 na 4. Na hata Lambert, aina nyingine kubwa ya zamani ya huku, ni 3 na 4. Zote tatu zinakataana, na kila moja inajikataa yenyewe. Van ni 1 na 3, kwa hiyo nusu ya chavua yake hukataliwa na Bing na nusu hupokelewa, na hiyo nusu inatosha kujaza mti. Jambo hili si geni. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Oregon kilichapisha mwaka 1913 kwamba Bing, Lambert na Napoleon haziwezi kuzalishana. Wakulima wa hapa walijua kwa vitendo kabla hata hawajajua namba.

Kwa hiyo nyuki wetu walifanya kazi yao yote kwa uaminifu, wakahamisha chavua ya 3 na 4 kwenda kwenye maua ya 3 na 4, majuma mawili, kutwa nzima.

Tajiri alitaka kung'oa kila kitu apande aina za kisasa. Zipo sasa zinazojizalisha zenyewe. Ya kwanza, Stella, ilitolewa huko huko Summerland mwaka 1968, na mtoto wake Lapins umepandwa sana siku hizi. Huhitaji mti wa chavua, huhitaji kuhesabu safu. Mtu anayeanza shamba leo nisingemzuia kuzipanda. Ila miti yetu ya Bing ilikuwa na miaka thelathini na mashina mazima. Nikamwambia tajiri, niachie nibebeshe. Akauliza nani alinifundisha. Nikamwambia baba yangu ana shamba Afrika.

Februari 2021 nilikata vijiti vya Van kutoka kipande cha chini, unene wa penseli, macho ya kuchipulia yakiwa bado yamelala. Nikavifunga kwa gazeti bichi, nikavitia mfukoni mwa plastiki, nikavilaza kwenye friji chini ya mboga. Wanangu walikatazwa kuweka matofaa humo, maana matofaa yanatoa hewa inayoua macho ya vijiti. Aprili gome la micheri lilipoanza kuachia, tukapanda ngazi. Sikugusa Royal Ann peke yake. Katika kila mti wa tatu wa kila safu ya tatu, na katika Bing kadhaa za pembezoni, nilikata tawi moja lenye jua, nikapasua gome, nikaingiza vijiti viwili viwili, nikafunga na kupaka nta. Kijani kiguse kijani. Nilibebesha matawi arobaini na sita kwa siku nne, na kila moja nikalifunga utepe wa njano ili wakati wa kupogolea mtu asilikate akidhani ni chipukizi la ovyo.

Kwa mwaka huo wenyewe tulifanya kama wazee wa hapa walivyofanya zamani. Tulikata matawi ya Van yaliyochanua, tukayatia kwenye ndoo za maji, tukaziweka karibu na mizinga na kuzitundika kati ya safu. Mashada ya maua kila kona, kama harusi. Ndoo zilikauka kila siku mbili na tulizijaza kwa jagi. Mavuno yalipanda, si kwa kiasi cha kufurahia sana, lakini yalipanda, na tajiri akaacha kuzungumza habari ya kung'oa.

Kisha likaja lile joto. Tarehe 28 Juni 2021 Portland ilifika nyuzi 46.7, na huku kwetu hatukuwa na nafuu. Tulivuna usiku na taa vichwani, tukaanza saa saba za usiku, kwa sababu kufikia saa nne asubuhi cheri zilikuwa zinaiva kama zimetiwa chunguni. Mimi kila nikishuka ngazi nilikwenda kuangalia matawi yangu. Machipukizi yalikuwa marefu kama kalamu na majani yamelala. Nilipaka rangi nyeupe ya maji kwenye magome, mume wangu akaja na shuka kuukuu tukafunika yaliyoko upande wa magharibi. Kumi na moja yalikufa. Niliyarudia mwaka uliofuata, Aprili 2022, wiki ambayo theluji iliangukia maua yaliyokwisha kufunguka. Mikono yangu ilikuwa haihisi kisu.

Katika majira ya baridi kati ya joto lile na theluji ile, nikiwa sina kazi nyingi, ndipo nilipoanza kuuliza Bing ni nani. Nilidhani ni jina la kampuni.

Bing alikuwa mtu. Mwaka 1847 Henderson Lewelling alivuka Marekani kutoka Iowa kwa magari ya kukokotwa na maksai, akiwa na miche mamia kadhaa ya matunda iliyopandwa kwenye udongo ndani ya gari, akaimwagilia njia nzima. Alianzisha kitalu Milwaukie, kusini kidogo ya Portland, baadaye ndugu zake wakajiunga naye, na ndugu yake Seth ndiye aliyebaki akiendesha. Walikuwa watu waliochukia utumwa. Seth alipopata cheri nyeusi mpya aliiita Black Republican, jina ambalo wapenda utumwa walilitumia kuwatukana watu kama yeye. Akalitundika juu ya tunda, wakalila. Katika miche iliyotoka kwenye mbegu za Black Republican ndimo ilimopatikana cheri yetu, mwaka 1875.

Msimamizi wa wafanyakazi kitaluni alikuwa Mchina aliyeitwa Ah Bing. Kumbukumbu zilizoachwa na binti wa kambo wa Seth, Florence Ledding, zinamweleza kuwa mtu mrefu sana, aliyekaa na familia ile miaka mingi na kutuma fedha kwa mke na watoto wake China. Inasimuliwa kwamba yeye na Seth waligawana safu za miche, na mti ule bora ulikuwa katika safu ya Bing. Seth akaupa jina lake. Mwaka 1889 Bing alisafiri kwenda China kuwaona watu wake. Hakurudi. Sheria ya 1882 ilikuwa imewafungia mlango wafanyakazi wa Kichina, na ya 1888 ikawafungia hata waliokuwa na vyeti vya kurudia. Kizuizi hicho hakikuondolewa hadi 1943. Hakuna mahali nilipoona imeandikwa alifia wapi.

Niliwapeleka wanangu Milwaukie. Kuna maktaba yenye jina la Ledding, na nyuma yake bwawa lenye mabata. Mwanangu mdogo aliuliza mti wa Bing uko wapi, nikamwambia uko kazini kwetu, ndio huo huo, maana kila mcheri wa Bing duniani umetokana na jicho lililokatwa kwenye mwingine, na ule kwenye mwingine, hadi ule mmoja wa kwenye safu yake. Haupandwi kwa mbegu. Bila mikono ya kubebesha ungekufa na mti wa kwanza.

Bibi yangu alipofariki makaratasi yangu yalikuwa bado yanashughulikiwa, nikashauriwa nisitoke. Nilimzika kwa simu, Baba akiishikilia juu ya kaburi ili nisikie watu wakiimba. Siku niliposoma habari za Bing nilikaa ndani ya gari nje ya shamba mpaka vioo vikaingia ukungu.

Baba ameniomba nimletee vijiti vya Bing nitakaporudi Lushoto. Nimemweleza kuwa mcheri unataka kulala, saa 700 hivi na zaidi za baridi kali kila mwaka, na Julai ya Soni, pamoja na makoti yetu yote, ingeuacha macho wazi tu bila kuchanua. Akasema basi nimletee picha, kubwa, ya kuning'iniza ukutani.

Leo asubuhi nimeipiga. Tawi la Van katikati ya mti wa Bing, safu ya tisa, utepe wa njano umefifia kidogo na gome limeanza kuumeza. Van limetangulia siku mbili, petali za kwanza zimeshaanguka, na maua ya Bing pembeni yake ndiyo kwanza yamefunguka. Nimelazimika kungoja nyuki ahame kutoka huku kwenda kule ndipo nikabonyeza.